Tundu la Kushoto

Fundi wa roketi alilala chini ya vifusi vya kibanda cha uangalizi, roketi yenyewe ya majaribio imemwangukia. Inspekta aliitazama maiti. Lakini kilichomchafua roho zaidi ni Mkurugenzi, aliyesimama kando akipangusa viatu vyake kwa leso.

"Kajiua kwa uzembe," Mkurugenzi alisema. "Roketi hii tunaiongoza kwa kuingiza kimiminika kwenye moshi wa mkiani. Kuna tundu la kulia na la kushoto. Yeye kaunganisha mabomba kinyume."

Kweli, mabomba yalikuwa kinyume. Ila mtaalamu wa uchunguzi alipolegeza nati, alikuta masizi ndani yake.

"Zilifunguliwa baada ya moto, afande. Zikafungwa tena."

Mjane wa fundi aliwapokea macho makavu. "Uvumbuzi ni wa mume wangu, sifa kachukua bosi. Leo ndiyo mnamwita mzembe? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni!"

"Pole sana, mama. Hiyo roketi hugeukaje?"

"Ukiingiza kulia, mkia husukumwa kulia, pua ikaelekea kushoto. Nilimtania kwamba ni yeye mtupu: mtume huku, atakwenda kule." Akacheka kidogo, kisha kilio kikamshinda.

Jioni, Mkurugenzi aliketishwa kwenye chumba cha mahojiano.

"Roketi ilikuwa inapotelea wapi?"

"Kushoto, kibandani."

"Ukafungua tundu lipi?"

"La kulia, ili irudi kulia."

"Ndivyo ulivyoipeleka kushoto zaidi. Wewe mvumbuzi hukujua?"

Inspekta aliweka kinasa sauti mezani.

"Redio imerekodi. Fundi anapiga kelele, 'La kushoto, bosi! Kushoto!' Ulimsikia?"

"Nilimsikia. Lakini wageni waliokuja kutazama jaribio walikuwa nyuma yangu, nilikuwa nimeshawaambia uvumbuzi ni wangu. Ningefundishwaje na fundi mbele yao?"

"Ukawazuia ndani ya chumba cha kuongozea roketi, ukamkimbilia peke yako. Daktari anasema alikata roho baada ya nusu saa hivi. Ulishika nini kwanza, mkono wake au spana?"

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. 

"Spana."

Miaka yote ya kazi Inspekta alikuwa ameona wauaji wa kila namna, na huyu, mwenye leso yake safi, ndiye aliyemkinaisha kuliko wote. Akamsukumia karatasi na kalamu.

"Andika maelezo yako. Anza na jina la mvumbuzi."