Sauti Nne za Mzee Gidioni

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, Winfrida alitundika simu ya shangazi yake kwenye msumari wa banda la ng'ombe. Alibonyeza wimbo, kisha akashika mkia wa ng'ombe usije ukampiga Shangazi Sifael usoni. Shangazi alikamua huku akiimba. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wao, huko mlimani juu ya Kiboriloni, na wakati wa kukamua ndio pekee aliopata wa kujifunza wimbo mpya. Ng'ombe mwenyewe alikuwa ameshauzoea. Wimbo ukianza tu, alitulia na kucheua.

Wimbo huo uliitwa "Tumeleta". Mzee Gidioni, mwimbaji mkongwe wa kwaya hiyo, aliutunga kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno, akaurekodi mwenyewe kwenye simu ya Shangazi. Sauti iliyotoka simuni ilikuwa yake, nyembamba, ikijilazimisha kupanda juu kama ya mwanamke.

"Mama, sikia, jogoo wa jirani anamjibu Mzee," alisema Praygod, mtoto mkubwa wa Shangazi, aliyekuwa akimwaga majani kwenye hori.

"Koma wewe!" alisema Shangazi, lakini mabega yake yalitikisika kwa kicheko.

Ghafla wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Ng'ombe akashtuka, akarusha teke. Ndoo ikapinduka, na maziwa yakatiririka hadi kwenye mfereji wa samadi.

"Yesu wangu! Kuna nini tena?"

"Simu imeganda, Shangazi," alisema Winfrida. Kwenye kioo palikuwa na maandishi: nafasi ya kuhifadhi imejaa.

"Imejaa nini? Mimi humo nina nyimbo za kwaya na picha za ubatizo tu!"

Winfrida aliinama, akajifanya anaokota ndoo. Sababu aliijua vizuri. Kila alipotumwa kuichaji simu ile, alipakua katuni, gemu za magari na video za misuko ya nywele, akazificha kwenye folda ambayo Shangazi hakuwahi kuifungua. Hakuwa ameomba ruhusa hata siku moja.

"Niachie, Shangazi. Nitaisafisha," alisema.

"Mungu akubariki, mwanangu. Sijui ningefanyaje bila wewe."

Baraka ile ilimchoma Winfrida kuliko kemeo.

Baada ya kupeleka maziwa yaliyobaki kituoni, aliketi nyuma ya ghala na kuifungua simu. Katuni zake zilikuwa pale, nyingi kupita kiasi. Aliigusa ya kwanza ili aifute, akakumbuka kwamba hajaiona hadi mwisho. Ya pili ilikuwa nzuri mno. Akaziacha. Akaenda kwenye nyimbo, na hapo akaona "Tumeleta", halafu "Tumeleta 2", "Tumeleta 3" na "Tumeleta 4".

"Umejirudia," aliwaza. Katuni zake nazo zilikuwa hivyo hivyo. Akipakua moja mara mbili, simu ilibandika namba mwishoni mwa jina. Yeye alikuwa akimwekea Shangazi ule wa kwanza tu, na hakujisumbua kusikiliza nyingine. Alizichagua zote tatu, akabonyeza futa. Kwa muda mfupi simu ikawa nyepesi, naye akairudisha ndani akijiona amemaliza kazi.

Alasiri Shangazi alikaa kwenye kigoda jikoni, akimenya ndizi za mtori. "Winfrida, niwekee sauti ya pili ya Mzee. Ile ya kwanza nimeshaishika, na wenzangu wa sauti ya pili wanakuja kujifunza sasa hivi."

"Sauti ya pili?"

"Si ile 'Tumeleta 2'? Mzee aliimba sauti zote nne, kila moja peke yake. Ya akina mama mbili, ya vijana na ya wazee. Alijua akishapasuliwa koo hataimba tena. Leo hata salamu anaitoa kwa kunong'ona. Sikukuu ya Mavuno tutamkalisha mbele, asikie wimbo wake ukiimbwa kwa vinywa vya watu wengi."

 Winfrida alichukua simu, akapekua huku na huku kana kwamba anatafuta. Simu ikaganda tena.

"Sizioni," alisema kwa sauti ya chini.

Shangazi alifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea, akatafuta kwa muda mrefu. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ni mimi huyo. Nimebonyeza vibaya na mikono yangu hii ya kukamulia. Nitamwambia nini yule mzee?"

Winfrida aligeukia moto, akasukuma kuni ndani.

"Mama, simu hii imeshachoka," alisema Praygod kutoka mlangoni. "Kila saa inastaki. Ngoja niifute yote, irudi kama ilivyotoka dukani. Itakimbia kama mpya."

"Fanya unavyojua," Shangazi alisema kwa unyonge, akimpa simu. "Nilichokuwa nakitunza humo hakipo tena."

Winfrida alitoka mbio. Alipita migombani hadi mpakani mwa kihamba chao, shamba la ukoo, mahali ilipooteshwa mistari ya mimea ya masale. Tangu akiwa mdogo aliona jinsi watu wa kwao wanavyoombana msamaha. Aliyekosa huchuma jani la sale, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea, na aliyeletewa jani hilo hawezi kumfukuza. Alichuma jani moja refu, akalifunga fundo. Moyoni alishukuru kwamba jani litasema badala yake.

Alirudi jikoni, akaliweka mapajani mwa Shangazi bila neno, akasimama akitazama majivu.

Shangazi alilishika jani lile. "Nimelipokea," alisema polepole. "Siwezi kulikataa. Lakini jani halina mdomo, mwanangu. Umelileta la nini?"

"La... simu."

"Simu imefanya nini?"

Praygod alikuwa kwenye kigogo kando ya mlango, kidole kikiwa tayari juu ya kioo.

"Usibonyeze, kaka!" Winfrida alipaza sauti. "Shangazi hakukosea. Mimi ndiye niliyefuta nyimbo. Nilidhani zimejirudia."

 Praygod akapiga goti lake. "We mtoto! Ulizifuta lini?"

"Leo asubuhi."

"Na kwenye pipa la taka la simu, ulifuta pia?"

"Pipa gani?"

Praygod alicheka kwa nguvu, akafungua hapa, akagusa pale. Mara jikoni kukajaa sauti ya Mzee Gidioni, nzito kama ya ngoma, akiimba sehemu ya wazee. Shangazi alisimama, maganda ya ndizi yakamwagika kutoka mapajani, lakini jani la sale hakuliachia.

"Ningeiflashi yote kama nilivyotaka, Mama, na pipa lenyewe lingeondoka," alisema Praygod. Sasa hakuwa akicheka. "Kwanza nazituma kwenye simu ya mchungaji, tusiwe na nakala moja tu. Picha za ubatizo nazihamishia kwenye memori kadi. Halafu tuone kinachokula nafasi, maana nyimbo ni ndogo, haziwezi kuijaza simu hivi." Akasogeza kidole. "Hee! Katuni. Katuni. Gemu. Misuko. Mama, umeanza kusuka watu?"

Shangazi aliketi tena. Alimvuta Winfrida, akamkalisha kando yake kwenye kigoda.

"Sikiliza, mwanangu. Ungenyamaza kidogo tu zaidi, sauti ya Mzee ingepotea, na mimi ningejilaumu maisha yangu yote kwa kosa ambalo si langu. Umesema mapema, ndiyo maana tumeweza kutengeneza. Kosa likisemwa mapema lina dawa. Na siku nyingine usifute kitu ambacho hujakisikiliza." Alimwekea jani lile kiganjani. "Ila umesema nusu. Simu haikujazwa na Mzee Gidioni. Nusu iliyobaki nataka kuisikia kutoka kwako, siyo kwa Praygod."

Nje, akina mama wa sauti ya pili walikuwa wakibisha hodi getini. Winfrida alilibana jani. Safari hii hakutazama majivu. Alimtazama Shangazi machoni, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa getini waliisikia:

"Shangazi, simu iliganda kwa sababu yangu. Niliweka katuni bila kukuomba, na asubuhi nilifuta vyako ili nibakize vyangu. Niliogopa utaninyima simu. Nisamehe."