Jembe Mikononi mwa Baba

"Gaudiosi, leo ukirudi Buffalo hujasema na Baba, namba yangu ifute."

Ndiyo kwanza tumeshuka kwenye basi la kanisa, nje ya Louisville huku Marekani, wenzetu wanapanga foleni nyuma ya mzungu wa kututembeza. Mwaka mzima kijana ananiita mke wangu kwenye simu. Akimwona Baba, bubu. Na Jumamosi wazee wa Karoli, kijana mwingine anayenitaka, wanakuja kwetu Columbus kuniposa.

"Zita, kwetu kijana hajisemei," akasema. "Mjomba alikuwa aje anisemee, bosi wa ghala amemnyima ruhusa."

"Karoli anao wajomba."

Nilikuwa nimekasirika kweli, na ninampenda, tabu ndiyo hiyo.

Tukaingizwa kwenye mapango waliyoishi watu tangu zamani. Jiko limechongwa kwenye mwamba, na bibi mmoja bado anaishi humo, ameweka pazia la maua mlangoni. Vijana wakapiga picha. Baba yangu, Mzee Sipriani, aliyetulea kambi ya wakimbizi Tanzania kwenye nyumba za udongo, akauliza kama paa linavuja. Alipoambiwa halivuji hata tone, akasema hawa walibahatika.

Badala ya kumsogelea, Gaudiosi akanitumia ujumbe: "Baba yako ananiangalia."

Nikamjibu: "Ana macho. Ongea."

Wapi. Tukatoka hadi kwenye soko la kazi za mikono mbele ya mapango: vikapu, mablanketi, sabuni za maziwa ya mbuzi. Fundi mmoja alikuwa anafua majembe. Gaudiosi akanunua moja, eti la bustani yake ya lengalenga, mchicha wa kwetu, huko Black Rock, Buffalo. Mimi natafuta mume, mwenzangu anatafuta jembe.

Mara kamba ya kiatu ikamfunguka. Chini matope, na aliyekuwa karibu ni Baba. Gaudiosi akafungua mdomo amwombe amshikie jembe, sauti ikagoma kama kawaida yake. Basi akamnyooshea tu lile jembe kwa mikono miwili, tulivyofundishwa kumpa mkubwa kitu, Baba akalipokea, naye akachuchumaa kufunga kiatu.

Jamani. Kwetu Burundi, tangu mababu, jembe hupelekwa kwa baba wa msichana kuwa mahari. Sisi wa kambini tulikuta mahari ni pesa, Gaudiosi angejulia wapi? Lakini wazee wanajua. Shangazi Dative akapiga vigelegele mpaka fundi akaacha nyundo.

Gaudiosi bado yuko chini, kamba mkononi. Shangazi akainama akamweleza sikioni, nami nikaona jasho linamtoka.

"Kijana," Baba akasema taratibu, "unajua ulichofanya?"

Akisema amekosea, Baba atamrudishia jembe lake, na mimi Jumamosi ni wa Karoli.

"Sikujua, Baba. Nilikuwa nafunga kiatu." Akainuka. "Lakini nakuomba usinirudishie."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia Baba. Nikalia pale pale, mbele ya watu, sikuona haya.

Baba akanigeukia. "Zita, nilirudishe?"

"Hapana, Baba."

Akaliweka begani, akatoa simu, akampigia baba yake Karoli.

"Ndugu yangu, Jumamosi msijisumbue. Jembe la binti yangu ninalo begani."