Kwa Akaunti ya Mtangazaji

Ukumbi wa stendi ya mabasi ulikuwa umefurika. Mtangazaji, gauni lake la kijani limenyooka kwa pasi, aliingia mbiombio kwenye kibanda chake akakanyaga mkono wa mtu.

"Wewe nani, na unatafuta nini chini ya meza yangu?"

"Fundi wa kompyuta. Ukiniondolea kiatu nitajieleza vizuri."

Alipojitokeza na utando wa buibui kichwani, binti wa watu alicheka mpaka akachelewesha tangazo. Moyo ukamponyoka palepale, na mimi simlaumu, maana yule kijana alikuwa na macho ya kucheka hata akinyamaza.

Meneja alitaka kompyuta itangaze yenyewe wakati wa mapumziko. Tatizo ni kwamba programu ya vipaza sauti ilikubali kufunguliwa kwa akaunti ya mtangazaji tu. Basi fundi akaandika programu yake iifungue ile nyingine kwa akaunti hiyo, na mtangazaji akamwekea nywila.

"Ya kujaribu tu, eti?"

"Ya kujaribu tu, Sauti wangu. Baadaye nitaitengenezea mashine akaunti yake."

Hiyo baadaye ikasahaulika. Walikuwa na mambo matamu zaidi, hasa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje sijakusikia?"

"Stendi nzima inanisikia."

"Mimi nataka ya kwangu peke yangu. Nije lini kwa mama?"

"Subiri. Nitakutangazia."

Siku moja, mtangazaji akiwa kwenye chakula cha mchana, programu ya fundi ikasoma ratiba ya zamani na kuita abiria wa basi lililokwisha kuondoka. Watu wakakimbia na mizigo, bibi mmoja akateguka mguu. Meneja akatazama kumbukumbu za kompyuta. Vipaza sauti vilifunguliwa kwa akaunti ya mtangazaji.

"Nilikuwa nakula, bosi."

"Kompyuta haisemi hivyo. Kaa nyumbani mpaka nikuite."

Akampigia fundi simu huku machozi yanamlengalenga.

"Uliacha nywila yangu kwenye programu yako?"

"Niliiacha. Nilisahau, mpenzi."

"Nilikupa ujaribu nikiwa pembeni yako. Sikukuruhusu unisemee nisipokuwepo. Sasa kazi yangu inaondoka, na jina langu nalo. Usinipigie tena."

Fundi hakupata usingizi. Kulipokucha alikuwa mlangoni kwa meneja na kompyuta yake kwapani, akaonyesha mstari mmoja baada ya mwingine.

"Kosa ni langu. Yeye hakugusa kitu."

"Unajua kwamba naweza kukufukuza?"

"Ndiyo, bosi. Mrudishe yeye kwanza."

Meneja alimfokea vya kutosha, kisha akamwamuru arekebishe bila malipo. Fundi akaifungulia mashine akaunti yake, inayoweza kuwasha vipaza sauti tu, akafuta nywila ya mtangazaji.

Mtangazaji alirudi na kitambaa cha njano shingoni, uso umekunjwa.

"Weka nywila mpya," fundi alisema, akageukia ukutani. "Sitaki kuiona."

Mtangazaji akabonyeza. Akaiamuru programu ya fundi ijaribu kutumia akaunti yake yeye, ikakataliwa. Akajaribu tena, ikakataliwa tena. Uso ukakunjuka taratibu.

"Nimekukosea, Sauti. Nilikupenda nikakuzoea, nikasahau kukuuliza."

Mtangazaji alivuta maikrofoni, na ukumbi wote ukasikia.

"Tangazo kwa fundi wa kompyuta. Anaombwa kufika kwa mama yake mtangazaji Jumapili. Asije peke yake, aje na wazee wake."

Abiria walipiga makofi bila kujua kisa, na fundi alikaa chini palepale sakafuni akicheka. Safari hii kumbukumbu za kompyuta zilisema kweli: vipaza sauti vilikuwa vimefunguliwa na mtangazaji mwenyewe.