Maoni ya Régine Juu ya Mtu wa Gunia

Benchi lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, na Régine Kapinga alikuwa amekaa ukingoni kabisa. Watu watatu wa upande wa pili waliposimama kwa pamoja kumpisha mama mjamzito, ubao ukapinduka, na mwalimu wa hesabu wa shule ya wasichana ya Katuba akajikuta vumbini, viatu juu, kikwembe chake kipya cha kitenge cha kijani kimekunjamana magotini.

Mtu mmoja akamshika mkono na kumwinua. Alikuwa mwembamba, shati lake jeupe limenyooshwa pasi kwa bidii, na chini ya sikio alikuwa na doa jeupe. Régine akadhani ni fundi wa kupaka kuta rangi.

Ilikuwa siku ya kwanza ya tamasha dogo la Kamalondo, Lubumbashi, lile linalofanywa na wasanii wasiopata nafasi kwenye kumbi kubwa. Huwa wanaazima nyua, gereji, hata madarasa, na kila kona unamkuta mtu anayecheza, anayelia au anayejipaka majivu. Régine hakuja kwa kupenda sanaa. Tiketi ya siku tano ilikuwa ya binamu yake Edith, aliyekwama Kasomeno na mzigo wake wa samaki. Edith alimwachia kwa sharti moja tu: amweleze kila onyesho kwa ujumbe wa sauti, bila kumficha kitu. Kuficha maoni ni jambo ambalo Régine hakuwahi kuliweza tangu alipojifunza kusema.

Akajipangusa vumbi, akatoa simu.

"Edith, sikiliza. Saa munane nimeona mwanaume mumoja mu gunia. Dakika makumi ine iko mule ndani, analilia mama yake. Mwisho anatosha kichwa inje, uso mweupe pe na rangi, anatuangalia, inaisha. Minamupa tatu juu ya kumi. Moja ya gunia, mbili ya kuvumilia joto."

Yule mwembamba alikuwa bado amesimama pale. Akamwuliza kwa upole kwa nini tatu. Régine hakungoja kubembelezwa. Alisema sauti ya mtu yule ni nzuri, lakini huyo mama anayeliliwa ni mama gani? Mzuri kama mbingu, mpole kama ardhi. Mama wa namna hiyo hayupo Lubumbashi.

"Nitalia namna gani mama wa muntu mwenye sijui?" akamaliza. "Aseme hata chakula chenye alikuwa anakatala."

Mtu yule akauliza kama anaweza kukaa karibu naye kwenye onyesho linalofuata. Alisema anaitwa Paulin, anafundisha watoto kuchora kule Ruashi, na hayo yote yalikuwa kweli. Kitu ambacho hakusema, na ambacho Régine angekijua baada ya siku tatu, ni kwamba gunia lile lilikuwa lake.

Wakaanza kutazama pamoja. Walimwona mshairi aliyesoma saa nzima akiwapa mgongo, Régine akauliza wamemkosea nini. Walimwona mama aliyeimbia friji, na huyo akapewa tisa, kwa sababu friji lilinguruma mahali pake hasa. Paulin alicheka hadi watu wakageuka kuwatazama. Jioni alimpigia simu, akamwita Inspekta, akataka kujua kama muhindi wa kuchoma walioula umepata pointi ngapi. Régine akajibu kwamba muhindi ulipasi, ila aliyeununua bado anasahihishwa.

Siku ya pili alivaa gauni la njano. Ya tatu aliamka mapema kusuka nywele. Alasiri hiyo, katikati ya mchezo wa watu watano waliokuwa wakiigiza ukame, Paulin alimshika mkono na hakuuachia. Régine hakukumbuka hata neno moja la mchezo ule, na Edith siku hiyo alipata ujumbe wa sekunde tisa.

Lakini Edith alikuwa ameshaufanya wema wake. Ujumbe wa mtu wa gunia ulimchekesha sana hata akaupeleka kwa rafiki mmoja, rafiki akaupeleka kwa kundi la kanisa, na siku ya nne asubuhi mji ulikuwa umeusikia. Régine alipofika langoni, Pierre, mwandaaji wa tamasha, aliitambua sauti yake alipomsalimia. Hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba jana kwa Paulin walikuja watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wamepotea njia.

"Kwa Paulin wapi?" Régine akauliza.

Pierre akaonyesha mlango wa gereji. Paulin alikuwa anatoka, nusu ya uso imepakwa rangi nyeupe, simu mkononi, na ndani ya simu Régine alijisikia mwenyewe akihesabu: moja ya gunia, mbili ya kuvumilia joto.

"Siku tatu unanisikiliza, na hausemi ule wa gunia njo weye," Régine akasema.

"Na weye ukanitembeza mu matelefone ya muji muzima."

"Ile ilikuwa ya Edith peke."

"Mama yangu alikufa mwezi wa pili, Régine."

Régine aligeuka. Akapanda teksi, akafika Katuba huku gauni lake limelowa machozi kifuani. Alimpigia Edith, akamgombeza mpaka mwenzake akalia na kuahidi kumletea samaki wakubwa. Alipokata simu, hasira ikawa imebaki na mtu mmoja tu wa kumwangukia, yeye mwenyewe. Paulin alikuwa amemwuliza ukweli, naye alikuwa ameufurahia zaidi utamu wa ulimi wake. Tena mama yake mwenyewe, Mama Germaine, ana miaka minne kaburini, na nyumbani kwao hakuna anayelitaja jina lake. Ukilitaja, baba anaongeza sauti ya redio. Angalau Paulin alikuwa amejaribu, hata kama ni ndani ya gunia.

Kesho yake asubuhi akarekodi ujumbe mwingine, na safari hii akamwomba Edith aupeleke kila mahali. Alisema alihukumu mtu asiyemjua, kwamba leo ni siku ya mwisho, na kwamba yeye atakaa mbele kabisa; atakayechoshwa amfuate amwambie usoni. Gereji ikajaa. Nusu ya watu walikuja kumtazama yeye.

Paulin akaingia bila gunia, bila rangi. Akazungumza juu ya Mama Adolphine wa Ruashi, aliyefua ovaroli za wachimbaji miaka ishirini, aliyekataa bamia maisha yake yote kwa kuwa zinateremka kooni bila ruhusa, na ambaye siku ya mwisho, badala ya kubariki wanawe, aliwauliza ni nani alichukua sufuria yake kubwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu kicheko kikakatika chenyewe, na katika ukimya ule Régine alilia bila kujificha.

Walikutana nje, penye ukuta.

"Unisamehe juu ya mama yako," akasema.

"Sikukuambia juu niliogopa utaanza kunisifu," Paulin akasema. "Bengine bote banasemaka ni muzuri, kiisha banaenda kula. Weye peke ulitaka kumujua." Akatazama viatu vyake. "Unipeleke kwa papa yako, chérie. Sitaki kukutafuta tena mu tamasha."

Régine alimwonya kwamba baba yake si mtu wa kucheka. Paulin akaja Jumapili vilevile, na shati lake la pasi.

Papa Ruben, dereva wa treni mstaafu, alimkalisha, akamwuliza kazi yake. Paulin akajibu kwamba anafundisha kuchora, na pia anasimulia watu habari za mama yake. Mzee akasema, "Onyesha."

Basi akasimama kati ya kochi na televisheni, akaonyesha. Mzee hakucheka kwenye bamia. Hakucheka kwenye sufuria. Alipomaliza, Papa Ruben alinyoosha mkono akazima redio.

"Germaine alikuwa anaimba mubaya," akasema. "Mu kanisa bantu balikuwa banahama benchi. Miye nilikuwa ninabakia, juu nilimuoa."

Akaanza kucheka, akafuta macho, akaendelea. Akasimulia walivyokutana stesheni, walivyogombania mwavuli, jinsi Germaine alivyomnunia wiki nzima kwa ajili ya kofia. Régine hakuwahi kusikia hata moja ya habari hizo. Alisimama mlangoni na sahani ya ugali wa bukari mikononi, asithubutu kuiweka mezani asije akamkatiza, na bukari ikapoa.

Mwishowe mzee akamgeukia Paulin, akamwuliza wajomba zake wanaweza kuja kuposa siku gani. Paulin akasema hata kesho.

"Kesho niko na masomo," Régine akasema kutoka mlangoni. "Bakuye Jumamosi, siku ya posho."