Njia ya Mpale

Jumanne asubuhi, ofisini Korogwe, Dorkasi, fundi wa mtandao wa zahanati, alikuta mstari mmoja umezidi kwenye kioo cha kompyuta yake: Mpale, hatua kumi na tano.

Mpale hapakuwa na kituo tena. Obadia, mhudumu wa zahanati ya kule, alifariki mwezi uliopita, zahanati ikafungwa, na ruta yake, kifaa kinachoelekeza mawasiliano ya mtandao, Dorkasi mwenyewe aliichomoa akaileta Korogwe. Obadia ndiye aliyekuwa akimpigia kila alasiri kwa simu ya mtandao: "Korogwe, mnanisikia?" Katika ofisi ile ya mtu mmoja, sauti nyingine haikuwapo.

Zahanati zote za shirika lake ziliungana kupitia Korogwe. Hakuna ruta iliyoiona njia nzima. Kila moja iliamini neno la jirani yake, ikaongeza hatua moja, ikalipitisha. Ndiyo maana kituo kilichokufa huweza kuendelea kusimuliwa, kila ruta ikidhani mwenzake anaijua njia, hatua zikipanda mpaka kumi na sita. Hapo ruta husema hapafikiki, na jina hufutwa.

Dorkasi akangoja zipande. Mchana zikasomeka kumi na nne.

Mstari ulionyesha kuwa habari inatoka Kwedizinga, basi akampigia Rukaya, nesi wa huko.

"Umeunganisha kitu?"

"Sijagusa, dada," Rukaya alinong'ona. "Ila humu chumba cha dawa kunanuka udongo, kama kaburi lililochimbwa leo."

Saa kumi simu ya mezani iliita. Dorkasi alijua haifai kuipokea. Akaipokea.

"Korogwe, mnanisikia?"

"Nakusikia, Obadia."

Kesho yake zilikuwa kumi na tatu. Ikawa kila alasiri sauti ile inampigia, inamuuliza kama amekula, na nyuma yake kunasikika kitu kizito kikiburuzwa juu ya changarawe, na kila alipojibu hatua moja ilipungua na harufu ya udongo ikasogea, kwanza mlangoni, kisha chini ya meza, kisha kwenye nywele zake, naye akaendelea kujibu, hadi zilipobaki mbili na habari zikamfikia kwamba Rukaya, Mzigua asiyejua neno la Kishambaa, amelala hajitambui, anasema Kishambaa, lugha ya Obadia, kwa sauti ya kiume.

Mzee Sharifu, aliyeitwa kumsomea Rukaya dua, alimpigia Dorkasi kwa simu ya mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jini huyu hana miguu. Anabebwa na maneno ya watu. Nani huko anamjibu?"

Dorkasi aliisogeza simu ya mezani mbali naye.

"Basi aliyemfungulia ndiye atakayemfungia. Tangaza kote kwamba njia hakuna."

Akaandika: Mpale, kumi na sita. Akaisambaza kwenye zahanati zote. Simu ya mezani ikaita.

"Obadia amekufa," alisema, machozi yakimdondoka. "Huko hakuna njia."

"Sawa," sauti ikajibu kwa upole. "Na wewe, nani atakutafuta?"

Mstari ukafutika. Jioni ile Rukaya alizinduka akaomba uji.

Wiki iliyofuata Dorkasi alikwenda zahanati ya Kerenge kukagua mtambo. Kwenye kioo cha huko zahanati zote zilifikika, na zote kwa kupitia Korogwe. Ila Korogwe penyewe paliandikwa kumi na sita, hapafikiki.

Akatoa simu yake haraka, akampigia Rukaya.

"Halo?"

"Rukaya, ni mimi."

"Halo? Halo?" Rukaya akamwambia mtu aliyekuwa naye, "Hakuna mtu," akakata.