Chuma Tumboni mwa Apolinary

"Mbaazi zimefika?" Mkuu aliuliza simuni.

"Zimefika. Zimeoza."

Maana yake Apolinary ameuawa. Devotha alilisema hilo akiwa chumba cha maiti, Babati, kando ya maiti yenyewe. Jasusi mwenzake. Mumewe.

Walimng'oa kucha zote. Washenzi!

Daktari alimkabidhi kitu alichokitoa tumboni: chuma kidogo kilichopinda, kimechakaa, hakina namba. Devotha alikipiga picha, akaituma makao makuu.

"Hatukitambui," Mkuu alijibu. "Kama ni cha bunduki, majangili wanakihitaji leo. Mchana askari wa wanyamapori anakuja kutoa ushahidi wa meno ya tembo. Akipigwa risasi, kesi imekufa."

"Nitakitambua."

Alivua jaketi, akajifunga khanga kiunoni. Bastola yake, Glock, ikalala chini ya khanga.

Simu ya Apolinary ilionekana mtandaoni mara ya mwisho mtaa wa Bagara, karibu na karakana ya Fundi Yohanes, mzee wa kanisa anayetengeneza cherehani na pampu. Mjini hapa Apolinary aliitwa Sylvesta, mnunuzi wa mbaazi, kapera.

"Shikamoo baba. Mimi mke wa Sylvesta. Nimekuja kuchukua mwili wake."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba, Mama Kindness."

Devotha aliganda.

Kindness alizaliwa wiki ile, Dodoma. Baba yake alimpa jina kwa simu, usiku uleule aliouawa. Alilitamka mara moja tu, simu ikakatika. Mwingine wa kulijua ni yule aliyekuwa nyuma yake akisikiliza.

Mzee hakushtuka. Mama wa mtu huitwa kwa jina la mwanawe. Adabu tu.

Devotha aliweka chuma mezani. "Wamekikuta tumboni mwake. Ni nini hiki, baba?"

Macho ya Yohanes yaling'aa. "Cha cherehani hicho. Niachie tu, mama."

Glock ikatoka.

"Kifunge kwenye cherehani yako."

Mzee alitupia jicho mlango wa stoo. Devotha aliupiga teke. Nyuma ya magunia kulikuwa na bunduki, Lee-Enfield ya vita vya Waingereza na Wajerumani, imefunguliwa, inasubiri.

"Kifunge!"

Vidole vya Yohanes vilifanya kazi bila kubabaika. Chuma kiliingia juu ya kifyatulio, mahali pake kabisa. Ndicho kinachoishika pini ya kugonga risasi mpaka kidole kivute. Bila hicho, bunduki ni mpini wa jembe. Apolinary alikimeza ili mtu mmoja asife.

Devotha aliichukua bunduki, akatia risasi moja aliyoikuta palepale, akasukuma komeo.

Klak.

Pini ilishika.

"Nani mpigaji?"

"Mama, nina wajukuu..."

"Mume wangu alipokuwa analia hapa, wewe ulifanya nini?"

"Niliwasha redio," Yohanes alinong'ona. "Majirani wasisikie."

Devotha akavuta.

Goti la mzee lilisambaratika. Ukelele wake ulifika barabarani. Devotha alinyoosha mkono, akawasha redio, akapandisha sauti.

"Nani?"

"Mzungu! Gesti ya Singe, chumba cha juu! Anasubiri bunduki!"

Alipiga simu. Vijana wa Idara walivunja mlango wa gesti kabla Mzungu hajamaliza chai yake. Mkuu akarudi hewani.

"Shahidi amepita salama. Kile chuma umekitambua?"

"Cha bunduki, Mkuu."

"Una hakika?"

"Nimekijaribu."

Alikata simu, akamruka Yohanes aliyekuwa ametambaa hadi mlangoni, akatoka kwenda kuulizia jeneza.