Mji Alioutunga Chiriku

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza ubishi wake, Bibi alikuwa ameshaketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa kichwani, viatu miguuni: cha kulia mguu wa kushoto, cha kushoto mguu wa kulia.

"Chiriku! Amka, mama'ngu. Jua litatoka bila sisi, halafu litucheke."

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Aliitwa hivyo kwa sababu ya mdomo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama yake alipenda kusema kwamba siku aliyozaliwa mtoto huyu hakulia, alianza moja kwa moja kusimulia. Aliinuka akipiga miayo, akambadilisha Bibi viatu, akamshika mkono, wakatoka.

Bibi alizaliwa na kukulia katika mji huo wa pwani. Aliolewa mbali, akakaa huko miaka hamsini. Mumewe alipofariki, binti yake, yaani mama yake Chiriku, akamchukua waishi pamoja, kwa kuwa kazi ya kiwanda cha barafu ilikuwa imemleta mama huyo katika mji uleule. Bibi alirudi na sanduku moja, vicheko vingi, na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliweza kutofautisha mwanga na giza. Mtu na mlingoti aliweza kuwatofautisha pia, ilimradi mtu akohoe.

Walifuata barabara ya ufukweni. Saa hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, mweupe kama maziwa, na taa za barabarani ziliwaka kwa usingizi. Bahari haikuonekana vizuri; ilisikika tu, ikivuta pumzi na kuitoa, kama mtu mkubwa aliyelala chumba cha pili. Hata nyayo zao zilinong'ona.

Asubuhi ya kwanza kabisa, miezi mitatu iliyopita, Bibi alisimama ghafla karibu na kona.

"Hapa ndipo lilipokuwa banda la baba," alisema. "Banda refu la kusokotea kamba. Mimi nilizungusha gurudumu upande huu, yeye amejifunga nyuzi kiunoni anarudi kinyumenyume mpaka mwisho kule, kamba inazaliwa mbele ya tumbo lake. Maisha yake yote alitembea kinyumenyume, na hakuwahi kujikwaa. Bado lipo, mjukuu wangu?"

Chiriku akatazama. Palikuwa na uzio wa waya, malori manne, na madoa meusi ya mafuta ardhini. Akamtazama Bibi. Uso wa mzee ulikuwa umechanua kama wa msichana anayesubiri kuitwa jina.

"Lipo, Bibi."

"Na mlango wake?"

"Wa bluu."

"Bluu? Ulikuwa wa kijani."

"Wameupaka upya," akajibu Chiriku haraka.

Bibi akacheka kwa furaha. Lakini uongo mmoja haupendi kulala peke yake. Huita ndugu zake. Kesho yake Bibi aliulizia kisima cha mawe. Pale palikuwa na kituo cha mafuta, lakini kisima kikawepo. Keshokutwa aliulizia mwamba wenye umbo la bata. Ulikuwa umevunjwa zamani ili kujenga gati, lakini bata naye akawepo, tena Chiriku akamwongezea kunguru kichwani. Bibi alipenda sana yule kunguru. Hatimaye akaanza kupiga hodi kwenye banda.

"Hodi wenyewe! Mbona hawaitiki?"

"Wamekwenda kunywa chai, Bibi."

"Miezi mitatu wanakunywa chai? Hiyo birika ina mdomo mkubwa kuliko wako!"

Chiriku naye alianza kuupenda mji wake. Katika ukungu wa alfajiri, Bibi akisimulia kwa sauti ya chini, wakati mwingine aliona kweli ukingo wa paa refu, na akasikia gurudumu likilia. Jua lilipotoka alibaki na malori.

Jumatatu moja jioni, mama yake aliingia kutoka kazini, vidole vimekauka kwa baridi ya barafu, uso umejaa habari.

"Mama, madaktari wa macho wamekuja hospitali yetu. Wako hapa mpaka Alhamisi. Mtoto wa jicho anatolewa, siku ya pili unaona!"

Bibi alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini polepole.

"Nione nini?"

"Mama! Uone dunia."

"Dunia ninaonyeshwa na Chiriku kila siku. Banda la baba lipo, kisima kipo, bata wangu yupo na kunguru wake. Hakuna kilichobadilika. Nipeleke jicho langu kwenye kisu ili nione vitu ninavyovijua tangu nikiwa na meno ya utoto?"

Mama akageuka kumtazama Chiriku. "Bata gani?"

Chiriku akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Usiku ulipoingia, mama alimwita kando. "Mwanangu, Bibi yako anakusikiliza wewe. Daktari anasema akizidi kuchelewa, kazi itakuwa ngumu zaidi. Msihi akubali."

"Nitamsihi, Mama," akasema Chiriku.

Hakumsihi. Jumanne alifungua mdomo, akaufunga. Jumatano hivyo hivyo. Kila alipotaka kusema, alimwona Bibi akiwa na macho mapya, amesimama mbele ya malori, kisha anageuka kumtazama yeye. Bibi asingemwamini tena, hata akimwambia kwamba mvua inanyesha nao wameloa. Kwa hiyo alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Chiriku kunyamaza siku mbili mfululizo, na mwalimu wake alimuuliza kama anaumwa jino.

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Bibi alitembea haraka, amejaa ujanja.

"Leo nakwenda kumkomesha mama yako," alisema. "Ngazi za mawe za kushukia majini, zile kumi na moja, si bado zipo?"

Chiriku alizitaja ngazi hizo mwezi uliopita, akasema zina utelezi, ndiyo maana hawashuki. Ukweli ni kwamba bahari ilikuwa imezimeza. Barabara iliishia kwenye ukingo mtupu, na chini, zaidi ya kimo cha mtu mzima, palikuwa na matofali makubwa ya zege.

"Zipo," akasema Chiriku, "lakini utelezi..."

"Utelezi nilizaliwa nao. Nitashuka mwenyewe, niloweshe miguu, nirudi. Mama yako akiona viatu vimelowa atajua kwamba macho haya yananitosha. Niache!"

Akauchomoa mkono wake. Hatua moja, ya pili, ya tatu. Alikwenda akihesabu kwa kunong'ona, akitabasamu, mguu wake ukipapasa ngazi ya kwanza. Ukapapasa hewa.

"Bibi, hakuna ngazi!"

Chiriku aliruka, akamdaka kiunoni kwa mikono yote miwili, akavuta kwa nyuma. Wote wawili wakaanguka chali juu ya mchanga wa barabarani. Kiatu kimoja cha Bibi kiliendelea na safari peke yake. Walikisikia kikigonga zege chini, baada ya muda mrefu kuliko walivyopenda.

Bahari ilivuta pumzi, ikaitoa.

"Hakuna ngazi?" Bibi akauliza.

"Hakuna. Bahari ilizichukua." Chiriku alikuwa analia. "Nilikudanganya, Bibi."

"Na banda la baba?"

"Halipo. Ni maegesho ya malori."

"Kisima?"

"Kituo cha mafuta."

"Bata wangu?"

"Walimvunja zamani. Na kunguru nilimtunga."

Bibi aliweka mikono mapajani. Chiriku akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Na bahari?" Bibi akauliza mwishowe.

"Bahari ipo, Bibi. Naapa."

"Afadhali. Nilifikiri utasema nayo wameihamisha."

Hakucheka, lakini alinyoosha mkono, akapapasa hewa mpaka akapata kichwa cha mjukuu wake. "Kwa nini, mtoto wangu?"

"Ulivyouliza siku ile, ulifurahi sana. Sikutaka furaha yako iishe. Halafu madaktari walipokuja, niliogopa ukiona hutaniamini tena. Mama aliniambia nikusihi. Sikukusihi."

Bibi akavuta pumzi ndefu. "Basi na mimi nina la kwangu. Nilimwambia mama yako kwamba sina haja ya kuona. Uongo mtupu. Nakiogopa kile kisu. Ulipokuwa unaniambia hakuna kilichobadilika, ulikuwa unanipa mahali pazuri pa kujificha." Akakung'uta mchanga magotini. "Hebu, hayo malori ni ya rangi gani?"

"Mawili mekundu. Moja la njano. Moja lilikuwa jeupe, sasa sijui."

"Kumbe kuna mji mzima ambao sijauona," Bibi akasema, kama mtu aliyeambiwa kwamba wageni wako mlangoni. "Hao madaktari wanaondoka lini?"

"Leo."

"Leo! Na wewe umekaa chini unafanya nini? Niinue!"

Walirudi mbiombio, Bibi mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna. Mama alikuwa anafunga mlango aende kazini. Chiriku alimweleza yote palepale barazani, bila kupunguza hata kunguru. Mama alifoka, na Chiriku alistahili kufokewa. Kisha mama akaomba ruhusa kazini, wakaenda hospitali wote watatu. Walikuwa watu wa mwisho kwenye foleni.

"Bibi, unaogopa?" daktari wa macho akauliza.

"Ndiyo, daktari, naogopa," akajibu Bibi. "Leo nyumbani kwetu tumeanza kusema kweli."

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mchana ule. La kushoto likapangiwa safari nyingine ya madaktari. Kesho yake muuguzi aliondoa bendeji. Bibi alipepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake, akamtazama binti yake mpaka wote wawili wakatokwa na machozi. Halafu akamgeukia Chiriku.

"Ndiye huyu? Mbona nywele hazijachanwa? Uliniambia kila asubuhi unachana!"

Chiriku akaanza kuzilaza nywele zake kwa viganja.

Daktari aliagiza matone, miwani ya jua, na mapumziko. Baada ya wiki mbili wakatoka tena alfajiri, safari hii na mama, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Walipofika kwenye kona, Bibi alisimama mbele ya uzio wa waya. Alitazama madoa ya mafuta, akatazama malori, akatazama kule mwisho ambako baba yake alikuwa akifika kinyumenyume. Alikaa hivyo muda mrefu. Chozi moja lilishuka chini ya miwani, akalipangusa kwa tahadhari, kama alivyoagizwa na daktari.

"Umehuzunika, Bibi?" Chiriku akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimehuzunika. Ni huzuni yangu, na nilikuwa na haki nayo. Baba yangu nimemlilia leo mahali pake. Kwenye lile banda lako la bluu ningekuwa bado napiga hodi." Akamshika bega. "Sikiliza, mama'ngu. Uongo mtamu ni kama godoro laini lililotandikwa katikati ya barabara. Unalala vizuri sana, mpaka gari lipite. Anayekupenda hakutandikii huko. Anakuambia, 'Inuka, hapa si pa kulala,' hata kama utanuna."

"Na mgonjwa naye," mama akaongeza, akimkodolea Bibi jicho, "asijifanye haumwi."

"Hilo nimelisikia. Sina shida ya masikio," akasema Bibi.

Ukungu ulikuwa unaanza kuinuka. Nyuma yake bahari ilijitokeza kidogo kidogo, kwanza kijivu, halafu fedha, halafu rangi ambayo Chiriku, pamoja na maneno yake yote, hakujua kuitaja. Bibi akaanza kutembea mbele, bila kushikwa mkono, akiwaeleza wao alichokuwa anakiona.